Kubadilisha springi na shoki za Land Cruiser: Mambo ya kujua kabla gari halijapanda jeki

Ukisimama kando ya barabara yoyote ya vumbi hapa Pwani, iwe Kinango, Ganze, Magarini au ndani ndani Tana Delta, hukosi kuona Land Cruiser iliyolala kwa nyuma kama punda aliyezidishiwa magunia. Nyuma yake huenda ikaja nyingine iliyoinuliwa juu mpaka mama mzee anahitaji kubebwa ili aingie. Gari la kwanza limechoka springi. La pili limewekewa springi mpya, lakini mwenyewe aliangalia urefu peke yake. Na kusema kweli, hilo la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi likipita na abiria.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua springi na shoki za gari la barabara mbovu, na namna kazi ya kuzibadilisha inavyofanywa. Mfano wetu ni Toyota Land Cruiser ya 80, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1990, na ndugu yake 105 aliyefuata mwaka 1998. Magari haya yana ekseli nzima mbele na nyuma, na springi za koili pembe zote nne. Land Rover Defender inakaribiana nayo sana: Land Rover iliweka koili katika One Ten mwaka 1983, na jina la Defender likaja baadaye, 1990. Land Cruiser za 70, yaani pikapu na zile ndefu za watalii na wagonjwa, zilipata koili za mbele mwaka 1999, lakini nyuma zimebaki na springi za vyuma bapa vilivyopangwa. Wenye gari hizo wachukue yale ya mbele. Prado tutaigusa mbele kidogo, kwa sababu ina hatari yake.

Nani anabeba, nani anatuliza

Watu wengi huja gereji wakisema gari limeshuka, kwa hivyo wanataka shoki mpya. Shoki haibebi gari. Anayebeba ni springi. Gari likilala upande mmoja, au nyuma ikigusa mipira ya kuzuia kugonga kila ukipita tuta, hata ukinunua shoki za bei gani litabaki limelala vilevile.

Kazi ya shoki ni kutuliza. Springi ukiikandamiza kisha ukaiachilia itapanda na kushuka mara nyingi kabla ya kutulia, na gari lenye springi peke yake lingeruka kama mpira wa watoto. Shoki ni bomba lenye mafuta, na ndani yake pistoni yenye vitundu vidogo. Gurudumu likipanda, mafuta hulazimika kupenya kwenye vile vitundu, na nguvu ya ule mruko hugeuka kuwa joto. Shika shoki baada ya safari ya barabara mbaya uone, ila kwa tahadhari, maana inaweza kukuunguza.

Sasa fikiria barabara iliyojikunja kama bati. Vijituta vikiwa vimeachana sentimita 80 na wewe unakwenda kilomita 60 kwa saa, kila gurudumu hugongwa karibu mara 20 kwa sekunde. Mafuta hupata moto, hulegea, kisha hufanya povu. Povu halizuii kitu. Dereva huhisi gari limeanza kuelea na kuteleza kwa nyuma kwenye kona, na mara nyingi huilaumu tairi. Ndiyo maana shoki nyingi siku hizi hutiwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo, ili mafuta yasifanye povu upesi. Pia ndiyo maana dereva mzoefu wa njia hizo husimama kidogo baada ya mwendo mrefu, ingawa ukimuuliza atakwambia anapumzisha tairi.

Shoki iliyokufa huonyesha mafuta mabichi yaliyotiririka mwilini mwake. Vumbi kavu lililoganda kidogo karibu na sili si kitu cha kukushtua. Dalili nyingine ni tairi kulika kwa mabaka, hapa juu na hapa chini, kwa kuwa gurudumu linadundadunda badala ya kukanyaga. Ile njia ya kusukuma bampa na kuhesabu mara ngapi gari linaruka haifai sana kwa gari zito kama hili. Mtu mmoja hawezi kulitikisa vya kutosha.

Kwa springi, chukua tepu. Egesha gari mahali tambarare, likiwa na mzigo wake wa kawaida, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, na uandike. Pima kutoka katikati ya gurudumu, usipime kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya. Halafu chungulia mzunguko wa chini wa kila koili kwa tochi. Hapo ndipo maji, mchanga na chumvi hukaa. Magari yanayofanya kazi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, au yanayopita ufuoni, hupata kutu ya kuchimba mahali hapo, na koili huvunjika kipande cha mwisho bila mwenyewe kujua. Yeye huona tu gari limeinama kidogo upande mmoja.

Uzito wa kila siku ndio kipimo

Swali la kwanza ambalo fundi mzuri atakuuliza ni: gari hili hubeba nini siku nyingi za wiki? Akianza kwa kukuuliza unataka kuinua inchi ngapi, tafuta fundi mwingine.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kila springi ya nyuma hukandamizika milimita moja kwa kila kilo tatu na nusu. Mitungi 15 ya maji ya lita 20 ni kilo 300. Ukiipanga juu ya ekseli ya nyuma, kila springi inaongezewa kilo 150, na nyuma inashuka karibu milimita 43. Hiyo ni sehemu kubwa ya nafasi uliyokuwa nayo kabla ya kugonga. Kama mitungi hiyo iko garini kila siku, basi unahitaji springi nzito zaidi. Kama unaibeba mara moja kwa mwezi, vumilia na uendeshe polepole siku hiyo.

Kosa la kuweka springi nzito mno ni la kawaida, na wanaolipa ni abiria. Gari la wagonjwa likiwekewa springi za kubebea mawe, siku zote linakwenda na dereva, muuguzi na mgonjwa mmoja. Springi haziinami hata kidogo, na kila shimo linamfikia aliyelala kitandani. Mama mwenye uchungu wa uzazi akitolewa kijijini usiku katika gari la namna hiyo anapata mateso ambayo vyuma vya uzito wa kati vingempunguzia. Mbele vilevile: ukiwa na bampa la chuma na winchi, mbele inahitaji springi nzito kidogo. Ukiwa huna, iache ya kawaida.

Tofauti ndogo ya unene wa chuma huleta tofauti kubwa. Koili ya waya wa milimita 16 ni ngumu kwa karibu asilimia 30 kuliko ya milimita 15, vipimo vingine vyote vikiwa sawa. Kwa hivyo usikubali springi kwa kuwa "inafanana na yako". Angalia namba yake. Baadhi ya watengenezaji hutofautisha hata kushoto na kulia, kwa sababu dereva na tangi la mafuta haviko katikati ya gari. Ukizibadilisha pande, gari litainama hata likiwa jipya.

Hapa niseme neno kuhusu ufundi wa gesi. Kuna mafundi wanaokata mzunguko mmoja wa koili ili gari lishuke, au wanaoipasha moto ili ilale au inyooke. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kiwandani kwa kipimo maalumu, na moto wa gesi unakiharibu mahali pale pale ulipogusa. Siku moja kitavunjika hapo. Na kukata hakulainishi springi kama wengi wanavyodhani. Koili ya mizunguko minane ikibaki na saba huwa ngumu kwa asilimia 14 hivi, na ule mwisho wake uliotengenezwa kukaa kwenye kiti haupo tena. Kupachika kipande cha mpira au mbao katikati ya mizunguko ni ndugu wa jambo hilo hilo. Mzigo wote unahamia kwenye mizunguko michache iliyobaki huru.

Kuhusu urefu, maoni yangu ni kwamba sentimita 5 zinamtosha mtu yeyote anayefanya kazi na gari lake. Ukizidisha hapo, unaanza kununua matatizo. Ekseli ya mbele ya 80 imeshikwa na mikono miwili mirefu. Ukiinua mwili wa gari, mikono inageuza ekseli, na ile pembe inayoufanya usukani ujirudie wenyewe baada ya kona inapungua. Matokeo yake, gari linazurura barabarani ukiwa kasi ya 80, na dereva anashika usukani kama anayepigana nao. Hata kwa sentimita 5, mara nyingi huhitajika bushi maalumu za kurekebisha pembe hiyo. Fimbo ya Panhard nayo, ile inayozuia ekseli isiende pembeni, huivuta ekseli upande mmoja kadiri gari linavyopanda.

Jambo ambalo wengi hawalijui liko nyuma. Magari mengi ya Toyota ya aina hii yana valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti. Nyuma ikishuka kwa mzigo, valvu inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Ukiinua gari bila kurekebisha kile kijiti, valvu inadhani gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma hushika kidogo hata ukiwa umejaza watu tisa. Mwambie fundi akuonyeshe kijiti hicho kabla na baada ya kazi.

Shoki nazo zifuate springi. Springi ndefu kwa shoki fupi, shoki itakuwa ndiyo inayoning'iniza ekseli kila gurudumu likiingia shimoni, na itang'oka. Shoki ndefu mno, itajikunja hadi mwisho kabla gari halijafika kwenye mpira wa kuzuia, na itapasuka au kupinda kiti chake. Nunua zilizopangwa pamoja, na ubadilishe kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma. Kama pesa ni kidogo, fanya ekseli moja kamili mwezi huu na nyingine baadaye. Za mitumba mimi sishauri. Springi iliyotumika unaweza kuipima na kuikubali, lakini ndani ya shoki ya mtumba huoni kitu.

Siku ya kazi

Siku mbili kabla, nyunyizia nati zote mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi na jioni. Kwa gari lililoishi Pwani hatua hii inaokoa nusu ya siku.

Chagua sakafu ngumu. Mchanga wetu humeza jeki. Kama huna saruji, weka bamba la chuma au ubao mnene na mpana chini yake. Na nalisema hili wazi: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na usiliegemeze juu ya mawe ya kujengea. Jiwe la matumbawe hubeba ukuta miaka mingi kwa kuwa ukuta hautikisiki. Chini ya tani mbili za gari linalovutwa kwa spana, jiwe hilo linapasuka ghafla bila kukuonya. Tofali la simiti ni hivyo hivyo. Tumia stendi za chuma, mbili, zikae chini ya fremu. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya fremu pia. Likitokea la kutokea, litaacha nafasi ya mtu kupumua.

Anza nyuma. Breki ya mkono ya gari hili hushika magurudumu ya nyuma, kwa hivyo ukishainua nyuma haikusaidii kitu. Kaza magurudumu ya mbele kwa vizuizi, mbele na nyuma yake. Legeza nati za magurudumu kabla ya kuinua. Inua, weka stendi chini ya fremu mbele ya mikono ya ekseli, kisha rudisha jeki ishike ekseli yenyewe katikati. Kuanzia hapo jeki ndiyo inayopandisha na kushusha ekseli, na stendi ndizo zinazobeba gari.

Fungua viungo vya stabilaiza na kile kijiti cha valvu ya breki. Fungua shoki chini, kisha juu. Nati ya juu ndiyo msumbufu, kwa kuwa shina lote huzunguka nayo. Shika ncha ya shina kwa spana ndogo. Kama unazitupa hizo za zamani, zikate. Zile mpya, usithubutu kushika shina lake linalong'aa kwa koleo, maana mkwaruzo mmoja utakata sili na shoki itavuja ndani ya wiki.

Shoki zikishatoka, hakuna kinachoizuia ekseli isishuke kupita kiasi isipokuwa paipu ya mpira ya breki. Hapa ndipo breki huharibika katika kazi ambayo haikuwa ya breki. Shusha jeki polepole, mtu mmoja akiitazama paipu hiyo, waya wa ABS kama upo, na mpira wa kipumulio cha difu. Fimbo ya Panhard ukiifungua upande mmoja ekseli hushuka kwa urahisi zaidi. Springi ikilegea, itoe kwa mkono. Ikikataa, shusha upande mmoja zaidi ya mwingine. Usiichomoe kwa mtaimbo ikiwa bado imebanwa.

Kabla ya kuweka mpya, sugua viti vya springi kwa brashi ya chuma na uvipake rangi. Ukikuta kiti kimetoboka kwa kutu, simamisha kazi na umtafute mchomeleaji anayejua fremu. Badilisha mpira wa juu wa springi. Ingiza koili, izungushe mpaka mwisho wake uguse mahali pake kwenye kiti, kisha pandisha ekseli ukiitazama isitoke njiani.

Shoki mpya isiyo ya gesi isimamishe wima na uipige pampu mara nne au tano ili hewa itoke. Ya gesi huja imefungwa mkanda. Ikaze juu kwanza, kata mkanda, nayo itajinyoosha hadi chini. Nati ya juu ikaze mpaka mpira utanuke usawa na washa yake, basi. Ukiukamua kupita hapo utapasuka.

Mbele ni kazi ile ile, ila sasa breki ya mkono inafanya kazi, na kuna paipu za breki pande zote mbili za kuangalia.

Prado sasa. Kuanzia ya 90 iliyotoka 1996, kisha 120 na 150, nyuma kuna ekseli nzima na koili huru, kama tulivyoeleza. Mbele springi imevikwa juu ya shoki, imebanwa kwa nati moja ya juu, na ndani yake imejikaza kwa nguvu ya mamia ya kilo. Mtu akiifungua nati hiyo bila kifaa cha kubana springi, inaruka kama risasi. Kazi hiyo mpelekee mwenye kifaa, na ukiona anatumia waya na kamba, chukua gari lako uende.

Gari likigusa chini

Bolti za bushi, yaani za mikono, za Panhard na za chini za shoki, zikamilishe kukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Mpira wa bushi hujisokota ukitoka pale ulipokazwa. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi itakaa imesokotwa maisha yake yote, na maisha hayo yatakuwa mafupi. Tumia spana ya kupimia mkazo na namba za kitabu cha gari.

Zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia, na uangalie kama paipu za breki zinavutika. Endesha polepole mtaani, jaribu breki mara kadhaa mahali pasipo na watu, kisha peleka gari likapimwe alaimenti. Ijulishe kampuni ya bima kama umeinua gari, na kama ni la abiria au la biashara, hakikisha uko tayari kulieleza siku ya ukaguzi wa NTSA.

Baada ya kilomita 500, au ukirudi kutoka safari ya kwanza ya vumbi, kaza tena kila bolti uliyoigusa. Pima tena zile pembe nne kwa tepu, kwani springi mpya hujishusha kidogo wiki za mwanzo, na andika vipimo hivyo mahali utakapoviona mwaka ujao. Usiku wa kwanza, egesha gari mbele ya ukuta na urekebishe taa. Mbele ikipanda, mwanga wako unakwenda moja kwa moja machoni mwa dereva wa matatu anayetoka Malindi.